Raba ndani ya raba: mwongozo kamili wa kutembea njia ya mbao ya kinamasi cha Viru, Estonia

Kwetu raba ni viatu. Kwa Waestonia raba ni kinamasi, tena si kinamasi chochote: ni kile kilichoinuka, kinachonyweshwa na mvua peke yake. Tofauti hiyo niliijua mwaka wangu wa kwanza Tallinn, mji mkuu wa Estonia, siku niliposhuka kwenye mbao hatua moja tu ili nipate picha nzuri. Mguu ulizama hadi gotini, nikauvuta, ukatoka bila kiatu. Raba yangu ya kushoto imo ndani ya raba mpaka leo, na nilirudi kwenye kituo cha basi na soksi moja yenye rangi ya chai ya rangi.

Tangu siku hiyo nimepita pale mara nyingi, peke yangu na pamoja na wageni kutoka nyumbani, na naona kosa lilelile likirudiwa. Watu hutembea kama wanaowahi daladala. Wanamaliza kwa saa moja na ushei, wanafika kwenye gari na kuulizana, "Basi, ndiyo hii?" Njia ina kilomita 3.5 hivi toka mwanzo hadi mwisho. Ukiipa saa moja utaona mbao. Ipe nusu siku.

Kabla ya yote: ujue unakanyaga nini

Barafu kuu iliyofunika kaskazini mwa Ulaya ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mabonde na vidimbwi. Vidimbwi vikajaa mimea, mimea ikafa, lakini kwa kuwa maji yale yalikuwa baridi na hayana hewa, haikuoza ikaisha. Ikalundikana. Lundo hilo ndilo peti, udongo wa kahawia wa mimea iliyogoma kuoza. Peti ikapanda mpaka ikapita usawa wa maji ya ardhini, na hapo kinamasi kikakatiwa kila chanzo cha maji isipokuwa mbingu. Huongezeka kama milimita moja kwa mwaka. Viru kina chake kinafika karibu mita 6, piga hesabu.

Fundi wa kazi hiyo ni mmea mdogo laini wa jamii ya kuvumwani, uitwao sifagnamu. Hauna mizizi. Hunyonya maji hata mara 20 ya uzito wake mkavu, na huyatia asidi kiasi kwamba bakteria wa kuozesha hawakai kwa raha. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ulitumika kufungia vidonda vya askari pamba ilipoadimika.

Kwa hiyo katikati ya kinamasi hiki ni juu kuliko kingo zake. Macho hayalioni hilo, maana mteremko ni mdogo mno, lakini unapotembea kutoka msituni kuelekea katikati unapanda kilima, na kilima chenyewe ni cha maji. Maziwa ya ng'ombe yana maji kama asilimia 87. Peti mbichi inazidi asilimia 90. Maana yake, maziwa uliyotia kwenye chai asubuhi ni mazito kuliko ardhi unayotaka kuishukia ili upigwe picha.

Mama mkwe wangu, aliyelima mpunga Kyela maisha yake yote, alisimama pale akatazama maji yale yote kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu mbona hawalimi?" Swali halali kabisa. Jibu ni kwamba maji ya mvua hayaleti mbolea, na asidi yake hutesa karibu kila zao. Hata misonobari, mti uliozoea shida, hapa hudumaa: mti unaokufika begani unaweza kuwa na umri wa miaka 100 na zaidi.

Waliopanda Rwenzori kwa upande wa Uganda watakuwa wameanza kunielewa. Kule kwenye kinamasi cha Bigo pia zimetandikwa mbao, kwa sababu wapandaji wa zamani walikuwa wakivuka kwa kuzama magotini. Mimea ni mingine, lobelia kubwa badala ya misonobari, lakini tope ni la ukoo uleule. Na bonde la kati la Kongo lina eneo la peti kubwa kuliko yote ya tropiki, lililokaa chini ya msitu wa maji. Ila huko hakuna njia ya mbao ya matembezi ya Jumapili.

Hatua ya 1: Chagua siku, na ndani ya siku chagua saa

Kiangazi saa za Tallinn ni zilezile za Dar na Nairobi, jambo linalowafurahisha wageni mpaka waangalie dirishani usiku. Juni jua huchomoza kama saa 10 alfajiri na kuzama karibu saa 4:40 usiku. Desemba ni kinyume chake: linachomoza baada ya saa 3 asubuhi na saa 9:20 alasiri limeshazama. Kwa hiyo swali la "twende saa ngapi" linategemea mwezi kuliko hali ya hewa.

Ushauri wangu ni Septemba. Mbu wamepungua, kranberi, yaani matunda madogo mekundu ya kinamasi, zimeanza kuiva, na asubuhi ukungu hulala juu ya vidimbwi hadi saa 2 au saa 3. Nenda siku ya kazi. Njia hii iko karibu na mji mkuu na inapendwa sana. Jumamosi ya jua saa 6 mchana utatembea kwenye foleni.

Aprili na Mei zina sauti: korongo wamerudi kutoka kusini na milio yao inasikika kilomita nyingi. Juni na Julai ni miezi ya kuogelea, na pia ya mbu. Novemba sikupendekezei, mvua ya ubavu, giza, na mbao telezi. Januari na Februari, kukiwa na theluji na jua, ni uzuri ambao picha hazijawahi kuutendea haki, ila theluji huficha ukingo wa mbao na kila hatua inataka uangalifu.

Jambo moja usilisahau hata Julai: kinamasi hupoa haraka kuliko msitu. Usiku wa baridi kali kidogo unaweza kuleta jalidi huku juu wakati mjini watu wanalala madirisha wazi. Ukienda alfajiri, beba sweta.

Hatua ya 2: Kufika

Viru iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Lahemaa, kama kilomita 50 mashariki mwa Tallinn. Lahemaa ilianzishwa mwaka 1971, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza kuundwa katika Umoja wa Kisovieti. Njia inatunzwa na RMK, shirika la misitu ya serikali. Hakuna geti wala kiingilio, na hakuna wa kukuuliza unatoka wapi.

Kwa gari ni chini ya saa moja kwa barabara kuu ya Narva. Andika "Viru raba" kwenye ramani ya simu ikupeleke kwenye maegesho ya upande wa barabara ya Loksa. Jioni na alfajiri punguza mwendo. Mnyama mkubwa wa huku wa jamii ya kulungu, ambaye Waestonia humwita põder, ana miguu mirefu kiasi kwamba gari likimgonga yeye huja kwenye kioo.

Kwa basi, panda kituo kikuu cha Tallinn basi la kwenda Loksa au Võsu, ushuke njia panda ya Loksa, kituo kiitwacho Loksa tee. Kutoka hapo ni mwendo wa kama kilomita moja. Tafuta ratiba kwenye peatus.ee, na tafuta ya kurudi kabla hujapanda ya kwenda, kwa sababu mabasi si mengi na mwisho wa wiki hupungua. Sheria ya Estonia inamtaka mwenda kwa miguu barabarani gizani avae kiakisi mwanga. Vinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya vyakula. Ning'iniza kwenye koti usawa wa goti, upande wa magari.

Mnaoishi Helsinki, meli ni saa 2 hivi. Ukipanda ya asubuhi utafanya safari yote na kurudi siku hiyohiyo, kama hutaki kulala.

Maneno manne ya Kiestonia yatakayokusaidia kwenye mabango: laudtee ni njia ya mbao, vaatetorn ni mnara wa kutazamia, laugas ni dimbwi la kinamasi, parkla ni maegesho. La tano ni tere, yaani salamu yote kuanzia hujambo hadi habari za huko.

Hatua ya 3: Vaa na kubeba

Hapa raba za kawaida zinafaa, mradi mbao ni kavu na soli haijalika. Baada ya mvua kubwa au wakati theluji inayeyuka, Machi na Aprili, baadhi ya mbao huzama kidogo ukizikanyaga na maji hupanda juu. Siku hizo vaa gambuti. Viatu vya ngozi vya kanisani viache nyumbani. Wakati wa baridi nunua vyuma vidogo vya kuvisha chini ya soli, maana mbao yenye jalidi ni telezi kuliko sakafu iliyomwagikiwa mafuta.

Jinzi hazifai. Zikilowa hazikauki na zinakuvuta chini. Vaa suruali nyepesi ndefu, soksi za sufu, na nguo za juu za tabaka tabaka unazoweza kuvua na kuvaa. Kofia ya kukinga jua ni lazima kiangazi: kule katikati hakuna kivuli hata cha kumtosha kuku.

Begi la mgongoni liwe na maji ya kunywa (ya kinamasi si ya kunywa), chai kwenye thamosi, vitafunwa, soksi za akiba, dawa ya mbu, kibano cha kuondolea kupe, na simu iliyojaa chaji. Ongeza mfuko wa taka. Kwenye njia yenyewe hakuna pipa wala choo, kwa hiyo malizeni haja zote kwenye maegesho, hasa mkiwa na watoto.

Wenye fimbo za kutembelea wazivishe mpira kwenye ncha. Ncha ya chuma huingia kati ya mbao mbili, fimbo inabaki, wewe unaendelea.

Kigari cha mtoto kinapita sehemu ya kwanza, ambako njia imepanuliwa hadi maeneo ya mnara, na kwa kiti cha magurudumu vilevile. Kupanda mnara wenyewe ni kwa ngazi. Mbele zaidi njia inakuwa nyembamba, na hapo mkiwa na kigari geuzeni mrudi mlikotoka.

Hatua ya 4: Tembea, lakini kwa vituo

Unaanza msituni, kwenye misonobari mirefu iliyonyooka, ardhi ngumu na kavu chini yako. Usiharakishe sehemu hii. Itazame vizuri miti hii kwa sababu baada ya dakika chache utawakuta jamaa zao wakiwa vibeti. Angalia jinsi inavyofupika hatua kwa hatua kadiri unavyokaribia uwazi: mita 20, mita 10, mita 3, kisha kimo chako. Hapo umeingia kwenye raba.

Kwenye ukingo huu kuna kichaka chenye majani membamba na maua meupe mwezi Juni, na harufu kali inayofanana na dawa ya kuua nondo. Waestonia hukiita sookail. Inasemekana ukikaa karibu nacho sana siku ya joto kichwa huuma, nami sikuamini mpaka nilipokaa.

Kituo cha kwanza kifanye mara tu msitu unapokuachia. Simama, halafu chuchumaa. Nasema hivi kwa kila mgeni na kila mgeni hucheka, lakini kinamasi hiki ni kitu cha kutazamwa kwa karibu kama zulia. Utaona vichuguu vidogo vilivyo vikavu kidogo, na kati yake mabonde yaliyolowa. Kwenye vichuguu sifagnamu ina rangi ya kutu au nyekundu. Bondeni ni ya kijani au njano. Kariri hili: kijani kinachong'aa kuliko vyote ndicho laini kuliko vyote, na pale chini hakuna cha kukushika.

Ukiendelea kuchuchumaa, kuanzia Juni hadi Agosti, tafuta majani mekundu madogo ya mviringo, makubwa kama kitufe cha shati, yenye nywele zilizobeba matone yanayometameta kama umande. Si umande. Ni gundi. Mbu akitua hapo ndio mwisho wake. Jani hujikunja juu yake na kummeng'enya. Udongo una naitrojeni kidogo mno, kwa hiyo mmea umejifunza kuipata kwenye nyama. Mpwa wangu wa miaka 6 alikaa mbele ya mmea mmoja dakika 20, kimya, mtoto ambaye nyumbani hakai hata kwa katuni.

Gusa sifagnamu iliyo karibu na mbao kwa kidole na kuibonyeza taratibu. Uone maji yanavyotoka na kurudi. Usiing'oe. Kitu kinachoongezeka milimita moja kwa mwaka hakina namna ya kufidia mkono wako upesi, na alama ya kiatu nje ya mbao inaweza kuonekana kwa miaka. Mbao zimewekwa kwa ajili ya kinamasi kuliko kwa ajili ya soksi zako.

Kisha mnara. Upande, hata kama magoti yanalalamika, kwa sababu ni kutoka juu tu ndipo vidimbwi vinaonekana vilivyo: vyeusi, virefu, vimepangana kama nyufa kwenye sahani ya udongo, na kati yake visiwa vyenye msonobari mmoja mmoja. Kaa juu robo saa. Kama upepo umetulia, sikiliza. Ukiwa na bahati utasikia korongo kabla ya kuwaona.

Baada ya mnara wengi hugeuza. Nakushauri uendelee, maana sehemu ya mwisho ndiyo inayofundisha. Kule mbali njia inapakana na eneo ambako zama za Kisovieti kinamasi kilichimbiwa mitaro, kikakaushwa, peti ikavunwa. Tofauti unaiona bila kuelezwa: mistari iliyonyooka kama ya rula, ardhi ya kahawia iliyo uchi mahali pengine, mibetula myembamba, ile miti ya gome jeupe, na kimya cha namna nyingine. Peti ikikauka hupata hewa, na ikipata hewa huanza kuoza kama ilivyotakiwa kuoza miaka elfu kadhaa iliyopita, ikitoa hewa ya ukaa. Ardhi za peti ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini zimetunza kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Tiba yake ni kuziba mitaro ili maji yarudi.

Tusiwanyooshee wengine kidole haraka. Peti ya nchi za Baltiki husafirishwa mbali sana ili kuoteshea miche na maua, na wakulima wa vitalu Afrika Mashariki nao ni wateja.

Mwisho wa mbao una chaguo mbili: kurudi ulikopita, au kuzunguka kwa njia ya msituni, jumla ikawa kama kilomita 6. Kuzunguka ni kuzuri kwa miguu, lakini nusu yake ya pili ni msitu wa kawaida. Mimi hurudi kwa mbao. Mwanga ukiwa umegeuka, utadhani ni njia nyingine.

Hatua ya 5: Kuogelea, kama umethubutu

Karibu na mnara kuna jukwaa na ngazi ya kushukia dimbwini. Watu huogelea hapa kwelikweli, bibi vizee kwa vijana. Maji yana rangi ya chai ya rangi, ni laini mwilini, na ukinyoosha mkono chini yake unaonekana mwekundu kama shaba.

Ingia kwa ngazi, toka kwa ngazi, hapo usiwe na mjadala. Kingo za dimbwi zinaonekana kama nchi kavu lakini ni mkeka unaoelea. Ukijaribu kupandia hapo unakatika mkononi. Usiruke wala kupiga mbizi: hakuna sakafu, kuna uji wa peti, na ndani yake huenda kuna gogo la zamani lisiloonekana. Tabaka la juu huweza kuwa na joto la kupendeza mwezi Julai huku futi chache chini maji ni ya barafu, na miguu ikishuka ghafla pumzi hukatika. Kwa hiyo shuka pole pole, kaa umeshika ngazi mpaka upumue vizuri, na usiogelee peke yako. Asiyejua kuogelea akae kwenye jukwaa ashike taulo za wenzake. Dimbwi lisilo na ngazi si la kuogelea.

Nguo nyeupe ya kuogelea itatoka humo ikiwa na rangi ya kahawia hafifu.

Ukizama

Sinema zimewaharibu watu. Kinamasi hakimezi mtu mzima mzima akabaki na kofia juu. Mwili wako huelea humo. Kinachoua ni baridi na kuchoka kwa kupapatika. Ukiteleza nje ya mbao, acha kurusha miguu, maana kila rusho linaichimbia ndani. Lala kifudifudi au ukae, ueneze uzito, halafu chomoa mguu mmoja kwa kuuzungusha taratibu ili maji yaingie pembeni yake, na utambae kuelekea mbao. Kiatu kikigoma, kiache. Mwenzako asikufuate chini. Alale juu ya mbao akunyooshee fimbo, koti au mkanda wa begi. Ukishatoka badili soksi na nguo zilizolowa hapohapo, unywe chai, mrudi. Mambo yakiwa mazito piga 112, namba ya dharura ya bure, Kiingereza kinaeleweka.

Nilichokiacha mimi huenda kitafukuliwa siku moja. Mwaka 1950 wachimba peti wa Denmark walikuta maiti ya mwanamume yenye ndevu fupi na makunyanzi usoni, wakaita polisi wakidhani ameuawa karibuni. Alikuwa amelala humo zaidi ya miaka 2,300. Ni huyo anayeitwa Mtu wa Tollund. Kofia yake ya ngozi ilikuwa bado kichwani, kwa sababu kwenye asidi ya peti ngozi na sufu hudumu huku vitambaa vya nyuzi za mimea vikiyeyuka. Raba yangu ilikuwa ya turubai.

Wenyeji wadogo

Mbu wapo, malaria haipo. Kinachohitaji akili ni kupe. Hukaa kwenye nyasi na vichaka vya msituni kuliko kwenye kinamasi chenyewe, na hubeba maradhi mawili: ugonjwa wa Lyme, na homa ya ubongo inayoletwa na virusi. Ya pili ina chanjo, na kama unaishi nchi za Baltiki muulize daktari wako akupangie. Ya kwanza haina chanjo ya kuidunga hapa, lakini hutibika kwa viuavijasumu. Ukiona mduara mwekundu unaotanuka pale ulipoumwa, siku 3 hadi 30 baadaye, nenda hospitali. Kwenye ngozi nyeusi mduara huo hauonekani mwekundu kama wa kwenye picha za vipeperushi. Unaweza kuwa wa zambarau au kahawia iliyokolea, na wahudumu wasiozoea ngozi zetu huweza kuupita. Sema mwenyewe kwamba ulitembea msituni.

Nyoka mwenye sumu huku ni mmoja tu, wa ukoo mmoja na kifutu wetu lakini mwembamba zaidi, mwenye mchoro wa zigizaga mgongoni. Masika ya huku, Aprili na Mei, hupenda kuota jua juu ya mbao. Simama, piga mguu chini, mpe nafasi, ataondoka. Analindwa na sheria, kwa hiyo kumpiga fimbo kwa mazoea ya nyumbani ni kosa. Akimuuma mtu: asikimbie, asikatwe wembe, asifungwe kamba. Akae, kiungo kitulie, mpige 112.

Adabu za mbao

Njia ni nyembamba. Mkikutana, mwenye mzigo mwepesi husubiri kwenye sehemu pana. Mbwa awe kwenye kamba. Muziki wa spika, hapana kabisa. Waestonia watakaa kimya, lakini ni kimya utakachokisikia. Moto haruhusiwi mtu kuuwasha popote nje ya sehemu zilizotengwa, na sigara kiangazi ni hatari kweli, maana peti kavu huungua kwa chini na moto wake huweza kufukuta kwa wiki.

Matunda kwenye ardhi ya serikali kwa kawaida mtu yeyote anaruhusiwa kuchuma kwa matumizi yake, isipokuwa bango likikataza. Kranberi za Septemba huota zimelala juu ya sifagnamu kama shanga zilizomwagika. Chuma zinazofikika ukiwa umepiga magoti kwenye mbao. Tunda usilolijua usile.

Kama hauko Estonia

Walioko Riga wana njia ya mbao ya kinamasi kikuu cha Ķemeri, yenye mzunguko mkubwa wa kilomita 3.4 na mdogo wa kilomita 1.4. Uswidi kuna Store Mosse, Ufini kuna Torronsuo, Ireland kuna Clara, na Ujerumani kuna Schwarzes Moor kwenye milima ya Rhön. Ratiba za basi ni za kwao, lakini yote niliyosema kuhusu kuchuchumaa, ngazi na kijani kinachong'aa yanabaki yaleyale.

Ukirudi kwenye gari

Kaguaneni kupe kabla ya kukaa: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio, na kwenye mstari wa nywele, watoto hasa. Waliosuka wapapase kati ya mistari kwa vidole, kwa kuwa macho hayatoshi. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma, na uandike tarehe kwenye simu. Rudieni ukaguzi usiku mkioga.